Kwao ni huko: jibu kwa mwongoza wageni wa Karatu aliyealikwa Kazakhstan

Swali: Shikamoo kaka. Naongoza wageni Ngorongoro na Serengeti, nakaa Karatu, na huu ni mwaka wa sita ndege wamenishika, siwaachi. Kikundi cha wageni niliowahi kuwatembeza, watu tisa, wamenialika niungane nao Mei ijayo Kazakhstan kwa siku 14: milima ya Almaty, halafu jangwa na nyika, kisha maziwa ya kaskazini. Nusu ya gharama wanalipa wao. Nina mashaka mawili. La kwanza, ndege wa huko simjui hata mmoja, naogopa kuwa mzigo. La pili, baba anasema hiyo nusu yangu ningenunua pikipiki. Niende? Na nikienda, nijiandae vipi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hilo la kutomjua ndege hata mmoja, maana hapo umejidhulumu. Tangu Novemba mpaka Machi unawapita kila siku ukishuka Ndutu, pale Ngorongoro inapopakana na Serengeti. Mhozi anayesimama wima juu ya kichuguu akitingisha mkia (Oenanthe isabellina). Mbwigu mwenye mkia wa rangi ya kutu kwenye mgunga (Lanius phoenicuroides). Wale tai wakubwa wa kahawia wanaotembea chini kama kuku, wakiokota kumbikumbi mvua zikianza (Aquila nipalensis). Na yule kipanga mwembamba, mweupe wa majivu, anayepepea chini chini juu ya nyasi (Circus macrourus). Wote hao kwetu ni wageni wa msimu. Kwao ni huko unakoalikwa. Nusu ya mwaka wao unaijua kuliko hao watu tisa. Kilichokupita ni nusu ya pili.

Kwa hiyo jibu langu ni nenda, ila usiende na daftari la kuhesabu. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, Kazakhstan ina zipatazo 500, na nchi yenyewe ni kubwa karibu mara tatu ya yetu. Siku 14 za huko zikienda vizuri zinakupa aina mia mbili na kitu. Hapa kwetu, kwa siku hizo hizo na dereva mzuri, ungepata maradufu. Mtu akienda Kazakhstan kutafuta wingi atarudi amenuna. Nimeshakaa gari moja na watu wa namna hiyo, na siku za nyikani, ambapo unaweza kwenda saa nzima ukiona kipozamataza mmoja baada ya mwingine, wanalala.

Nenda kwa ajili ya ndege wachache uliokwisha kuwaona upande mmoja tu. Na hapo kuna kazi ya kufanya kabla hujanunua hata soksi. Februari na Machi, ukiwa kwenye nyasi fupi za Ndutu, mtafute kitwitwi wa Kaspi, ambaye vitabu vingi bado vinamwita Charadrius asiaticus. Unamjua: miguu mirefu, mgongo wa rangi ya udongo, kifua cha kahawia iliyopauka, hana makuu. Wageni humtazama sekunde tatu kisha wakauliza simba wako wapi. Lakini msimu ukielekea mwisho madume huanza kubadili manyoya. Kifua kinashika rangi ya tofali, kwanza kwa madoa madoa, kama shati lililomwagikiwa chai. Piga picha, andika tarehe, andika wangapi wameanza na wangapi bado. Aprili wameshaondoka, na safari yako itawafuata.

Milimani ndiko mtakakoanzia. Mji wa Almaty uko miguuni kabisa mwa Tian Shan. Unakunywa chai mjini na asubuhi hiyo hiyo uko kando ya Ziwa Kubwa la Almaty, mita 2,500 hivi. Barabara ikiendelea inapita kituo cha wanasayansi wa nyota na kufika mahali panapoitwa Kosmostantsia, zaidi ya mita 3,300. Kwa vipimo vyetu, ziwa liko chini kidogo ya kambi ya Mandara kule Kilimanjaro, na Kosmostantsia ni katikati ya Mandara na Horombo. Kichwa kikianza kugonga sema mapema, usijikaze kwa sababu wewe ni Mtanzania na watu wanadhani umezaliwa Kilimanjaro.

Pale ziwani maji ndiyo wanayokunywa watu wa mjini, kwa hiyo kushuka ufukweni ni marufuku. Mnasimama juu barabarani na kutazama kwa skopu, ile darubini ya miguu mitatu, kule mto unakoingia ziwani, kwenye uwanja wa mawe ya kijivu. Katikati ya mawe hayo yuko Ibidorhyncha struthersii, ndege wa kijivu mwenye uso mweusi na mdomo mwekundu uliopinda kama mundu. Katika familia yake yuko peke yake duniani. Humwoni mpaka atembee. Unatazama jiwe, unatazama jiwe, halafu jiwe moja linapiga hatua. Hapo tumia ulichonacho: jicho la kumpata chui juu ya mti Seronera ndilo hilo hilo litakalompata huyu. Mara ya kwanza nilipokwenda, aliyempata hakuwa mtaalamu wetu, alikuwa dereva.

Juu zaidi, kwenye mireteni inayotambaa chini, tafuta Leptopoecile sophiae, kindege cha gramu chache chenye zambarau na samawati utadhani kimepakwa rangi na mtoto. Alfajiri sikiliza miamba: mluzi mrefu unaopanda ni wa Tetraogallus himalayensis, kwale mkubwa kuliko jogoo yeyote wa Karatu. Mei theluji inaweza kuanguka huko. Na ni karibu na mpaka wa Kirigizistani, hivyo pasipoti ikae mfukoni, si kwenye begi hotelini.

Kutoka milimani mtateremka kaskazini-magharibi mpaka Taukum, jangwa la mchanga na vichaka upande wa kusini wa mto Ili. Watu wengi huja huku kwa ajili ya tandawala wa Asia, Chlamydotis macqueenii, na firigogo wanaokuja kunywa asubuhi penye maji ya mifugo. Sawa, watazame. Ila wewe ndiko utakakomkuta kitwitwi wako. Mimi nilimpata saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upepo unachoma masikio. Dume. Uso mweupe safi, kifua tofali tupu, na chini ya tofali mstari mwembamba mweusi kama uliochorwa kwa kalamu ya wino, halafu tumbo jeupe. Anakimbia hatua sita, anasimama, anainama, anakimbia tena: mwendo ule ule wa Ndutu. Ndipo nilipomtambua, kwa mwendo. Nilikaa naye dakika arobaini, wenzangu wamesharudi garini, chai inapoa. Sikumwambia mtu kwa nini.

Hapo hapo Taukum nilijiaibisha, na nakueleza ili wewe usirudie. Wazungu wakiwa garini huelekezana kwa uso wa saa: mbele ya gari ni 12, kulia kabisa ni 3, kushoto kabisa ni 9. Mimi nikamwona tandawala kulia. Nikaona mshale kwenye 3, akili yangu ikasema saa tisa, mdomo ukatafsiri hiyo tisa kwa Kiingereza, nikapaza sauti. Watu saba wakageukia kushoto. Tandawala akakimbia kulia, akaingia kwenye vichaka, hakuonekana tena siku ile. Kwa lugha yetu ndivyo ilivyo, mshale ukiwa kwenye 3 ni saa tisa, na ukiwa na furaha ubongo hausubiri. Siku hizi nasema tu kulia au kushoto, na kunyoosha mkono. Fanya hivyo.

Kwenda kaskazini, kutoka Almaty mpaka Astana, ni kilomita 1,200 hivi kwa barabara, kwa hiyo vikundi vingi hupanda eropleni. Kutoka Astana ni kama kilomita 130 kuelekea kusini-magharibi hadi Korgalzhyn, penye nyika na maziwa. Na hapa, mdogo wangu, ningekuwa mimi ndiye ninayepanga ratiba, ningeongeza siku mbili na kuzitoa milimani. Milima ni mizuri kwa picha. Nyika ndiyo yenye habari.

Nyika ya huko si kama Serengeti. Hakuna mti. Hakuna kilima cha mawe cha kupumzisha jicho. Nyasi, upepo, mbingu, na barabara inayonyooka mpaka inakinaisha. Mwaka 1954 serikali ya Kisovyeti ilianza kuzilima nyika hizi kwa ngano, mamilioni ya hekta, na Astana yenyewe ikaitwa Tselinograd tangu 1961, yaani mji wa ardhi isiyowahi kulimwa. Umoja wa Kisovyeti ukavunjika 1991, mashamba ya serikali yakafa, na mifugo ikapungua vibaya. Unaweza kudhani hiyo ni neema kwa ndege. Kwa wengine ndiyo. Kwa mmoja ilikuwa msiba.

Huyo ni Vanellus gregarius, ndoero wa nyika, ambaye leo yuko kwenye daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka. Ndugu yake unamjua, Vanellus coronatus, yule mwenye duara jeupe kichwani kama taji, anayekupigia kelele ukishuka garini pale kreta. Wote wawili wanataka nyasi fupi. Huyu wa Kazakhstan hutaga chini, mara nyingi kando ya vijiji, kwa sababu ng'ombe, kondoo na farasi wa kijijini ndio wanaoitafuna nyasi ikawa zulia. Mifugo ikitoweka nyasi zinarefuka naye hakai. Mifugo ikizidi, kwato zinakanyaga mayai. Kwa hiyo usitegemee kumwona porini ndani ndani. Mtamtafuta nyuma ya zizi, mbwa wakibweka, mama mmoja akianika nguo. Mfugaji akipita juu ya farasi, msalimie kwa salamalekum, ataitikia. Wewe umekulia jirani na Wamasai wa Ngorongoro, utaelewa jambo la mifugo na nyasi haraka kuliko hao wenzako.

Na si kijijini tu anakopata shida. Kuanzia 2007 wataalamu waliwafunga ndoero hawa wa Korgalzhyn vifaa vya setelaiti, na ndipo ilipojulikana kwamba wengine huzunguka Kaukazi, wanapita Uturuki na Syria, na kumalizia safari Sudan. Wengine huelekea Pakistan na India. Njiani wanapigwa risasi. Tai wetu wa nyika naye ana msiba wake: hutaga chini au kwenye mwamba mfupi, na mahali pasipo na mti hutua juu ya nguzo za umeme, nyaya zikamwua. Angalia chini ya nguzo mkisimama kujisaidia. Waliobaki huteremka na vuli, wengi wakivuka mlango-bahari wa Bab-el-Mandeb kuingia Afrika, na baadhi yao ndio unaowakuta wakila kumbikumbi.

Kipozamataza mweusi, Melanocorypha yeltoniensis, utampenda. Dume ni mweusi tii, anaruka polepole kwa mapigo mapana kama popo mchovu. Kuzunguka kiota wanatandaza vipande vya mavi makavu ya mifugo, kama ua uliosakafiwa. Ukikuta mahali pa namna hiyo, rudi nyuma kwa hatua zako zile zile.

Kisha ardhioevu. Hifadhi ya Korgalzhyn ilianzishwa 1968, na tangu 2008 imo kwenye Urithi wa Dunia pamoja na Naurzum. Kuna maziwa ya maji baridi yenye matete na mwari, Pelecanus crispus mwenye nywele za kichwa zilizovurugika, na bata wa kila rangi. Oxyura leucocephala mwenye mdomo wa samawati ndiye mtakayemtafuta zaidi. Halafu kuna Tengiz, ziwa la chumvi, ambako heroe wakubwa hutaga kaskazini kuliko heroe wengine wote duniani. Wageni wako watakuuliza kama ni wale wa Ziwa Natron. Sio. Wanaotaga Natron ni heroe wadogo, Phoeniconaias minor, aina nyingine kabisa; hawa wa Tengiz maji yakianza kuganda wengi huelekea Bahari ya Kaspi na Iran. Jibu hilo uwe nalo tayari, maana ndilo swali la kwanza watakalomuuliza Mtanzania.

Wale kitwitwi wadogo na vindege wengine wa matopeni, utawakuta maelfu wakipita kwenda mbali zaidi kaskazini. Ukibahatika, upande wa nyika utaona saiga, swala mwenye pua kama mkonga uliokatwa. Mei 2015 walikufa zaidi ya 200,000 kwa wiki chache kwa bakteria iitwayo Pasteurella. Leo wamerudi, wanahesabiwa kwa milioni.

Sasa habari ya kikundi, maana safari nyingi haziharibiwi na mvua bali na watu. Kabla hujalipa, muulize mwandalizi maswali ya kimwongozaji, usione haya. Skopu ni ngapi? Watu kumi kwa skopu moja ni foleni ya benki. Wa mwisho anaangalia nyasi. Nilisafiri hivyo mara moja na kampuni moja iliyoahidi tatu ikaleta moja, na kufikia siku ya nne watu walikuwa hawasemezani. Viti vya dirishani vinazungushwa kila siku au aliyewahi kawahi? Kibali cha kuingia hifadhini Korgalzhyn kimeombwa? Na wanapiga sauti za ndege kwenye spika kila mara? Kwa ndoero na ndege wengine wanaolalia mayai, mimi ningekataa.

Wewe usiwe mwongozaji huko. Hili litakuwa gumu. Utataka kumwonyesha kila mtu, kumsaidia bibi kushuka garini, kumwambia dereva asogee. Yupo mwenyeji anayelipwa kwa hiyo, mwache. Ila wakikwama kwenye kipanga kijana au mhozi jike, wale wa kahawia tupu ambao Ulaya wanawaona kwa nadra, sema. Umewatazama miaka sita.

Mavazi: Taukum joto linaweza kupita nyuzi 30, Korgalzhyn asubuhi upepo unakaribia kugandisha, na ni safari moja. Chukua koti la upepo, sweta la Karatu la Julai, glavu nyembamba zinazoruhusu kugeuza bainokula, buti zisizopitisha maji. Mbu wa maziwani hawana malaria lakini hawana adabu. Kupe wa milima ya Almaty ni suala zito zaidi. Msimu wa Mei hueneza homa ya ubongo, na chanjo yake ipo, basi muulize daktari miezi kadhaa kabla. Suruali ndani ya soksi, hata kama unachekwa. Visa ianze mapema, na usikate tiketi ya kupitia Dubai au Istanbul kabla hujaishika mkononi.

Chakula hakitakusumbua. Wana baursak, ambayo ukifumba macho ni andazi, na chai wanakunywa ya maziwa. Beshbarmak ni nyama juu ya tambi pana, mara nyingi ya farasi. Maziwa ya farasi yaliyochachushwa, kumis, onja kidogo. Mimi yalinikumbusha mtindi uliogombana na bia.

Baba yako ana hoja, usimbeze. Kama nusu yako ni akiba, nenda: mgeni wa Ndutu anayeambiwa na mtu aliyekwenda kwamba huyu kitwitwi mnyonge alizaliwa kwenye mchanga wa Taukum hataangalia saa yake, na mwongozaji wa namna hiyo huombwa kwa jina. Kama ni ya kukopa, nunua pikipiki, wageni watarudi mwaka mwingine.

Vyovyote utakavyoamua, kazi ya Februari ifanye. Nitumie picha zenye tarehe, nikuambie dume yupi ameshaanza kupaka tofali.